Misemo ya Kingereza katika mahubiri yetu



Dominika moja, katika parokia moja ya kwetu, padri alihubiri juu ya uvivu. Alikuwa amerudi karibuni kutoka Kampala alikokwenda kujifunza Kingereza, na maneno ya lugha ile yalikuwa yangali moto mdomoni mwake. Akamaliza mahubiri yake hivi: "Ndugu zangu, Biblia yasema: Mungu husaidia wale wanaojisaidia." Watu wakaitika: Amina. Kisha misa, mwalimu mmoja wa katekisimu, mzee aliyeshika Biblia kwa miaka arobaini, akamfuata katika sakristia. Akasema kwa heshima: "Padri, unisamehe. Nataka kuandika neno lile katika daftari langu. Ni kitabu gani, sura ya ngapi?" Padri akafungua Mezali, akafungua Yoshua bin Sira, akafungua barua za Mtakatifu Paulo. Hakuona. Siku ya pili akatafuta tena. Hakuona, kwa sababu neno lile halimo.

Padri yule ni sisi wenyewe. Kwa hiyo katika makala hii hatumhukumu mtu mwingine kabla ya kujihukumu.

Kama ingekuwa kosa la sura na aya tu, tungelisahihisha na kunyamaza. Lakini jioni ile mama mmoja mjane alikuja mlangoni. Alikuwa amekimbia vita pamoja na wajukuu wake, na alilala katika darasa la shule. Akatuambia: "Padri, mimi sina shamba, sina mume, na miguu yangu imekufa. Kama Mungu husaidia wenye kujisaidia, basi mimi nimwombe nani?" Tangu siku ile tumefahamu ya kwamba msemo mmoja unaweza kumfungia mtu mlango wa mbingu mbele ya uso wake, na anayeufunga akawa ni mhubiri.

Siku hizi misemo ya Kingereza inaingia kwetu kwa njia nyingi. Wafanyabiashara wa Butembo na Bunia wanakwenda Uganda, wale wa Lubumbashi wanavuka Kasumbalesa kwenda Zambia. Tangu mwaka 2022 inchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na vijana wanaona ya kuwa Kingereza ni ufunguo wa kazi. Si jambo baya. Lugha yoyote ni zawadi. Lakini mezali ni kama mgeni anayevaa vizuri: watu wanampokea bila kumwuliza ametoka wapi. Sisi watumishi wa Neno lazima tumwulize. Basi tuitie misemo hii katika vikapu vitatu na kuipima.

I. Misemo iliyotoka kweli katika Maandiko

Ni mingi kuliko tunavyofikiri. Mwingereza asiyeingia kanisani hata siku moja kwa mwaka anasema kila siku maneno ya Biblia bila kujua. Sababu yake ni hii: padri William Tyndale alitafsiri Agano Jipya kutoka Kigriki, likapigwa chapa huko Worms mwaka 1526, kisha akatafsiri vitabu vitano vya Musa mwaka 1530. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 1536 huko Vilvoorde, karibu na Bruxelles. Lakini maneno yake hayakufa. Wale waliotoa Biblia ya Mfalme James mwaka 1611 walichukua sehemu kubwa ya maneno yake, na kwa njia hiyo yakaingia katika kinywa cha watu wote: sokoni, barazani, nyumbani. Wakatoliki wa Uingereza nao, walipokuwa wakimbizi, walitoa Agano Jipya lao huko Reims mwaka 1582 na Agano la Kale huko Douai mwaka 1609 na 1610.

Je, kama msemo umetoka kweli katika Biblia, tuutumie bila hofu? Hapana, tungoje kidogo. Neno likitembea sana mdomoni mwa watu, linachakaa kama franka ya karatasi. Jina linabaki, lakini thamani inabadilika. Tutazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni "scapegoat", yaani mbuzi wa kubebeshwa dhambi. Neno hili Tyndale alilitunga yeye mwenyewe kwa kutafsiri sura ya 16 ya Walawi. Tafsiri ya Kilatini inasema caper emissarius, na Wafransa wakapata bouc émissaire. Leo katika Kingereza cha kila siku ni mtu anayetupiwa lawama ya wengine. Lakini tusome vizuri Walawi. Kuhani anaweka mikono juu ya mbuzi na kuungama dhambi za taifa. Taifa lote linajua ya kwamba mbuzi hana kosa. Kosa ni lao. Katika mazungumzo ya leo mambo yamegeuka: wale wanaotafuta mbuzi hawaungami kitu, na wanaapa ya kwamba mbuzi ndiye mwenye kosa. Kule ibada ya toba. Huku kukimbia toba. Sisi tunaoona katika miji yetu watoto wakifukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi, kwa sababu baba amekosa kazi ao mdogo amekufa kwa homa, tunajua mbuzi huyu wa pili ni wa namna gani. Basi mhubiri anayetaka kutumia neno hili afanye kazi ya Walawi: awarudishe watu kwenye kuungama kwao wenyewe.

Mfano wa pili ni kunawa mikono. Mwingereza akisema amenawa mikono juu ya jambo, maana yake ni kwamba halimhusu tena, na mara nyingi anasema hivyo bila haya, kana kwamba ni tendo la busara. Amesahau ya kwamba anajisifu kwa tendo la Pilato (Mat. 27, 24). Sheria ya Musa ilijua kunawa kwa namna nyingine: mtu akiuawa na mwuaji wake hajulikani, wazee wa mji walinawa mikono juu ya mtamba aliyevunjwa shingo, na hapo hapo waliwaombea watu wote msamaha (Kumb. 21, 6-8). Nasi mapadri tunanawa mikono kila siku mbele ya altare. Wazee walinawa kwa kuombea taifa, padri ananawa kwa kuingia katika sadaka, Pilato alinawa kwa kutoka katika wajibu. Maji ni yale yale, mikono si ile ile.

Mfano wa tatu unatugusa sana sisi watu wa Congo. Waingereza wanasema "to go the extra mile", yaani kwenda maili moja zaidi. Katika maduka na ofisi zao ni sifa: mfanyakazi anayefanya zaidi ya mshahara wake, mwuzaji anayemhudumia mnunuzi kwa bidii. Mabwana wa kazi wanaupenda sana msemo huu. Lakini Bwana wetu Yezu Kristu alisema nini katika Mat. 5, 41? Hakusema juu ya duka. Alisema juu ya mtu anayelazimishwa kwa nguvu. Kitenzi cha Kigriki ni angareuo, na Kilatini kilikichukua hivyo hivyo: angariare. Ni kumkamata mtu njiani na kumbebesha mzigo wa serkali ao wa jeshi. Ndicho kitenzi kile kile kilichoandikwa kwa Simoni wa Kirene, alipolazimishwa kubeba msalaba (Mat. 27, 32). Maili ya Waroma ilikuwa hatua elfu moja, karibu metre 1,480.

Je, ni nani anayefahamu mstari huu vizuri zaidi: mwuzaji wa London, ao mjukuu wa wapagazi? Babu zetu walikamatwa barabarani na kubebeshwa masanduku. Mpaka reli ya Matadi na Léopoldville ilipomalizwa mwaka 1898, mizigo ya inchi hii ilipita kichwani mwa watu. Na mpaka leo kuna vijiji ambamo watu wenye bunduki wanawashika vijana na kuwabebesha walichonyang'anya. Basi ni vibaya sana tukienda kwa Mwingereza kuazima maana ndogo ya neno ambalo sisi tunajua maana yake kubwa kwa mabega yetu. Yezu hakumsifu anayelazimisha. Aliwafundisha wanaolazimishwa namna ya kubaki watu huru: maili ya kwanza umenyang'anywa, ya pili umeitoa wewe. Mhubiri asiutumie mstari huu kwa kuwaambia wafanyakazi waridhike na mshahara wasiopewa. Hapo ataudhi Injili na kuwaudhi maskini pamoja.

II. Misemo iliyokatwa kichwa ao mkia

Kikapu cha pili kina hatari zaidi, kwa sababu ndani yake uongo na kweli vimelala kitanda kimoja.

Tunasikia: "Money is the root of all evil", ndiyo kusema fedha ni mzizi wa maovu yote. Wengi wanasema ni Mtakatifu Paulo. Wamemkata kichwa. Barua ya kwanza kwa Timoteo (6, 10) haikusema fedha, imesema kupenda fedha. Kigriki kina neno moja, filargiria. Kilatini kina cupiditas. Tofauti ni kubwa. Kama fedha yenyewe ni mzizi wa ubaya, basi tajiri ni mwovu na maskini ni mtakatifu, bila mtu kutazama moyo. Lakini maskini anaweza kuipenda fedha asiyo nayo mpaka kuua, na wanawake waliomfuata Yezu walimtumikia kwa mali yao (Luka 8, 3). Msamaria mwema pia alilipa kwa dinari mbili, si kwa maneno. Mweka hazina wa parokia akisikia kila Dominika ya kwamba fedha ni uchafu, hatajifunza kuihesabu vizuri. Na fedha isiyohesabiwa vizuri ndiyo inayozaa maovu.

Tunasikia tena: "Charity begins at home", yaani mapendo yanaanza nyumbani. Wafransa nao wanasema mapendo yaliyopangwa vema yanaanza kwa mwenyewe, na wana teolojia wanalijua kwa Kilatini. Msemo huu hauko katika Biblia kwa maneno hayo, lakini una mzizi mzuri: Mtume anamwambia Timoteo ya kwamba asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani (1 Tim. 5, 8). Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anafundisha ya kwamba mapendo yana utaratibu (II-II, q. 26). Kosa liko wapi? Liko katika matumizi. Tusikilize ni wakati gani watu wanautaja. Je, wanautaja wakiwa wanampelekea mama yao dawa? Hapana. Wanautaja mgeni akibisha mlango. Msemo uliozaliwa kwa kuonyesha mwanzo umegeuzwa kuwa mpaka. Waingereza wenyewe wameliona jambo hilo, na wengine wanaongeza: lakini yasiishie huko. Tena katika swali lile lile la 26, makala ya 5, Mtakatifu Tomaso anasema ya kwamba kwa ajili ya wokovu wa roho ya jirani lazima tumpende kuliko mwili wetu wenyewe. Anayetaja utaratibu wa mapendo autaje wote.

Msemo wa tatu katika kikapu hiki tunaomba walimu wa katekisimu wausikilize kwa makini: "Spare the rod and spoil the child". Maana yake: ukiiachilia fimbo, umemharibu mtoto. Wengi wanaapa ni neno la Solomono. Kitabu cha Mezali (13, 24) kinasema kweli juu ya fimbo na mwana. Lakini maneno haya ya Kingereza, jinsi yanavyosemwa leo, yanajulikana kwa njia ya shairi la Samuel Butler liitwalo Hudibras, sehemu ya pili, ya mwaka 1664. Ni shairi la kuchekesha. Ndani yake mwanamke mjane anamfanyia mzaha mtu anayemtaka, akimshauri akubali kupigwa kwa ajili ya mapenzi. Basi mwalimu anayesimama mbele ya watoto na fimbo mkononi, akidhani anasimama juu ya Maandiko, amesimama juu ya kichekesho.

Tena, Maandiko yanapotaja fimbo hayataji kupiga tu. Fimbo ya mchungaji katika Zaburi ya 22 (23 katika hesabu ya Kiebrania) inafariji. Mtume anawaagiza mababa wasiwachokoze watoto wao, wasije wakavunjika moyo (Kol. 3, 21). Katika inchi yetu neno fimbo lina kumbukumbu chungu: ni jina la mjeledi wa ngozi uliowapiga babu zetu mbele ya watu. Tusiufanye kuwa kitabu cha katekisimu.

III. Misemo isiyo ya Maandiko kabisa

Sasa tunarudi kwa msemo wetu wa kwanza. "God helps those who help themselves." Asili yake ni ya kipagani. Katika hadithi ya Wagriki inayowekwa chini ya jina la Ezopo, gari la mtu limekwama katika matope; anamlilia Herakle; Herakle anamwambia aweke bega lake kwenye gurudumu kwanza. La Fontaine aliiandika upya kwa Kifransa katika kitabu chake cha mwaka 1668, na wanafunzi wetu wengi waliijua darasani. Kwa Kingereza, maneno tunayoyasema leo yalipigwa chapa mwaka 1698 katika kitabu cha Algernon Sidney juu ya utawala, na Benjamin Franklin wa Marekani akayatia katika kalenda yake ya mwaka 1736. Hakuna nabii hata mmoja katika safari hiyo.

Mtu anaweza kujibu: "Lakini msemo ni wa kweli. Kijana ambaye chukudu yake imezama katika matope asipige magoti tu, asukume." Ni sawa. Mtakatifu Paulo pia alisema asiyetaka kufanya kazi asile (2 Tes. 3, 10), na tutazame vizuri, alisema asiyetaka, hakusema asiyeweza. Kama padri anamshauri kijana mvivu, na autumie msemo huu kama mezali ya watu. Shida yaanza anapomtia Mungu sahihi ambayo Mungu hakuitia.

Mwingine, mwana wa seminari kubwa, atatuletea neno la wanateolojia: facienti quod in se est Deus non denegat gratiam, anayefanya yaliyo katika uwezo wake, Mungu hamnyimi neema. Je, si msemo ule ule? Hapana. Mtakatifu Tomaso (I-II, q. 109, a. 6, ad 2) anaeleza ya kwamba hata hilo analofanya mtu katika uwezo wake analifanya kwa kusukumwa na Mungu. Neema haingoji mwisho wa barabara na zawadi mkononi. Neema imetuamsha asubuhi. Pelagio, mtawa aliyetoka kisiwa cha Britania, alifundisha ya kwamba nguvu ya mapenzi yetu yatosha kushika amri; mtaguso wa Kartago ulimkataa mwaka 418, na mtaguso wa Trento mwaka 1547 ukasema wazi ya kwamba hakuna mtu anayehesabiwa haki kwa matendo yake bila neema. Mtume ameandika ya kuwa Kristu alikufa tulipokuwa bado dhaifu (Rom. 5, 6). Mtu aliyelala kati ya Yeruzalemu na Yeriko hakujisaidia hata kidogo. Kama Msamaria angalifuata mezali ya Kingereza, angalipita upande wa pili pamoja na kuhani na Mlawi.

Katika kikapu hiki uko pia msemo wa kwamba usafi uko karibu na utakatifu, "Cleanliness is next to godliness". Si Biblia, umejulikana sana kwa njia ya John Wesley, mwanzilishi wa Wametodisti, katika mahubiri yake ya karne ya 18 juu ya mavazi. Kumfundisha mtu kuoga na kufua ni kazi njema. Lakini tumeona mtoto akirudishwa nyumbani siku ya komunyo ya kwanza kwa sababu ya shati iliyopasuka, na aliyemrudisha alikuwa na msemo huu mdomoni. Yezu aliwajibu Wafarisayo waliotazama mikono ya wanafunzi wake (Mk. 7). Sabuni ina bei, utakatifu hauna.

Tufanye nini basi?

Hatusemi tuitupe misemo ya Kingereza. Hatusemi pia ya kwamba misemo ya kwetu ni safi yote. Wazee wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni mezali nzuri kwa mgeni mwenye nguvu. Ni kisu kwa mkimbizi mgonjwa. Mezali ya babu na mezali ya mgeni zipimwe kwa mizani ile ile.

Mizani hiyo ni maswali manne mepesi, nasi tunawaomba waseminari wayaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mahubiri. Swali la kwanza: msemo huu umetoka wapi? Kama hujui kitabu na sura, usiseme "Biblia yasema". Sema "watu husema". La pili: je, umekatwa? Soma aya iliyotangulia na inayofuata. La tatu: watu wanautumia wakati gani, wakitaka kutoa ao wakitaka kunyima? La nne, nalo ni kubwa kuliko yote: nani amekaa kwenye benchi ya mwisho, na atausikiaje?

Sisi hatukuuliza swali hilo la nne, tukamwumiza mama yule. Dominika iliyofuata tulipanda tena kwenye mimbari na kusema mbele ya watu wote: "Neno nililowaambia juma lililopita, nikisema ni la Biblia, si la Biblia. Nimekosa." Kanisa lilikuwa kimya. Wengine walicheka kidogo, na haikuua mtu. Kisha tukasoma Rom. 5, 6 na kueleza pole pole.

Baada ya misa mzee wetu mwalimu wa katekisimu alikuja tena na daftari lake. Alikuwa ameacha mstari mmoja mtupu tangu juma lile. Akaketi kwenye ngazi ya kanisa, akaujaza. Mama mjane alikuwa amesimama karibu naye, akimwuliza ameandika nini, naye akamsomea.